Vinubi vya Benegas Havipatikani

Itangazwe kwa wote, wa karibu na wa mbali, wenye intaneti na wanaoazima ya jirani, kwamba hii ndiyo historia rasmi ya jinsi ukoo wa Benegas, watengenezaji wa vinubi wa mji wa Luque, ulivyoitiisha dunia kwa kubofya mara moja. Wenye kofia wavue.

Basi, dunia ni neno kubwa. Walifika ukurasa wa pili wa matokeo, chini kidogo ya duka linalouza mapazia yenye picha za vinubi. Na kabla ya kubofya huko mara moja kulikuwa na kubofya kwingi kusikokuwa na faida, machozi kiasi, na ugomvi juu ya sentensi moja. Lakini historia rasmi isipoanza na parapanda, nani ataisoma?

*

Jumatatu ya kwanza ya Septemba Zunilda Benegas alikuwa anapiga msasa ubavu wa kinubi kisicho na mnunuzi, wakati kaka yake Virgilio alipoingia karakanani na tepu ya kupimia.

"Sogeza mguu, dada."

"Unapima nini?"

"Napima tu. Kupima si kuchukua." Virgilio alichuchumaa, akaivuta tepu mpaka ukutani. Alikuwa mtu mnene mwenye duka la matairi na moyo usio mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia. "Mita sita na nusu. Magari mawili yanaingia bega kwa bega. Na hapa mashine ya maji."

"Hapo baba alikuwa anakaushia mbao."

"Baba, Mungu amrehemu, alikaushia mbao kwa sababu kulikuwa na watu wa kuzinunua zikishakuwa vinubi. Wewe tangu Machi umeuza kinubi gani?"

Zunilda aliendelea na msasa. Jibu lilikuwa: hakuna. Wiki iliyopita nusura auze kimoja. Meneja wa hoteli moja mpya alikuja na viatu vyeupe, akavizunguka vinubi vyote, akavigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikitimaji, kisha akauliza bei ya kimoja kisicho na nyuzi.

"Kisicho na nyuzi?" Zunilda alikuwa ameuliza.

"Cha kusimama tu mapokezini, señora. Tutakipaka rangi ya dhahabu. Nyuzi zinakusanya vumbi." Akatoa laki sita za guarani mfukoni, kwa kitu ambacho baba yao, mzee Cirilo, alikuwa akikiuza milioni nne na nusu, na ambacho Zunilda mwenyewe alikuwa amekifanyia kazi wiki saba. Alikataa. Usiku ule familia ilikula mihogo na mayai, na kesho yake mihogo.

"Sikukuu ya Bikira wa Rozari ni tarehe saba Oktoba," Virgilio alisema, akiiachia tepu ijikunje kwa mlio. "Tulikubaliana mbele ya mama. Likija agizo moja la kweli kabla ya hapo, sisemi neno. Lisipokuja, unanipa ufunguo, naosha magari, faida tunagawana. Sikuonei, Zuni."

"Najua hunionei. Ndicho kinachoniudhi."

*

Kulikuwa na tovuti. Mzee Cirilo aliifungua miaka minane kabla ya kufa, na kwa miaka minane watu walimwandikia kutoka kila upande. Alipokufa mwezi Machi barua zilikoma, na kila mtu alidhani ni kwa sababu yeye amekufa, jambo lililoonekana kuwa na mantiki.

Wazo la kuitibu tovuti lilikuja wakati wa likizo ya Julai, nalo lilitoka kwa Nimia, bintiye Zunilda, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni ya kilimo, msichana mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano. Walimu wake wangethibitisha haya kama wangeulizwa siku nzuri, kabla ya jambo la mbuzi kukutwa ofisini kwa mkuu wa shule akiwa amevaa tai.

"Mama, kuna programu-jalizi," Nimia alisema huku akimimina terere, ile chai ya majani inayonywewa na maji baridi. "Unaipachika ndani ya tovuti. Inakagua kila kitu. Ikikuta kosa, inaliandika kwa rangi nyekundu juu kabisa, hata kipofu ataona."

"Kosa gani?"

"Kosa lolote. Sijui. Mimi nitajuaje?"

Maktaba ya manispaa ilikuwa na darasa la bure kila Alhamisi. Darasa lilianza Septemba, na Zunilda aliandikishwa wa kwanza. Mwalimu alikuwa Graciela, karani mstaafu wa posta, mwanamke wa miaka sitini aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani.

"Wenzangu," mwalimu Graciela aliwaambia, "mtu akiandika neno kwenye mtambo wa kutafuta, mtambo unamletea kurasa unazoziona zinamfaa. Kazi ya hii jalizi ni kukuonyesha kwa nini hujaletwa wewe. Kwenye kila ukurasa kuna uso. Mwekundu amenuna, wa chungwa anafikiri, wa kijani anacheka. Mkimaliza nataka nyuso zote zicheke. Na yale mabango ya juu yanayowabembeleza mnunue toleo la kulipia, yafungeni. Yanasumbua kuliko nzi."

Zunilda, mwanafunzi mtiifu, aliyafunga yote. Moja lilikuwa refu kuliko mengine, jekundu tupu, na halikutaja bei. Alilifunga nalo.

*

Uso ulinuna. Ulinuna kwenye ukurasa wa kwanza, ukanuna kwenye ukurasa wa bei, ukanuna hata kwenye picha ya mzee Cirilo, kwa madai kwamba picha haikuwa na maelezo.

"Inasema hatujachagua fungu kuu la maneno," Zunilda alimsomea mama yake, ña Eustacia, aliyekuwa ameketi mlangoni akimenya mihogo. "Yaani yale maneno mtu anayoandika akitutafuta."

"Si aandike kinubi?"

"Mwalimu anasema tuweke 'kinubi cha Paraguay'."

"Ha! Nani Luque atasema kinubi cha Paraguay? Hapa kinubi ni kinubi. Mimi nasema mama wa Paraguay? Naenda kununua nyama ya Paraguay?"

"Nilimwambia hivyohivyo. Akasema, anayekutafuta hayuko Luque."

Ña Eustacia alibaki na kisu hewani. Hakuwa amelifikiria hilo. Akakubali kinubi cha Paraguay. Akakubali kichwa cha habari kifupishwe na picha ziandikiwe maelezo. Ugomvi ulianza kwenye aya ya kwanza, ambayo mzee Cirilo aliiandika kwa mkono wake, na ambayo yote ilikuwa sentensi moja:

*Mimi Cirilo Benegas, mwana wa Silvestre aliyechonga majeneza na wa Petrona aliyeimba kwenye mazishi hayohayo, kwa neema ya Mungu na uvumilivu wa mke wangu Eustacia ambaye amelala miaka arobaini na sita katika harufu ya gundi bila kulalamika zaidi ya mara mbili kwa wiki, natengeneza katika mtaa huu, kwa mbao za mwerezi ninazozichagua kwa kuzigonga na kuzisikiliza, vinubi vya nyuzi thelathini na nane.*

"Jalizi inasema sentensi ni ndefu mno," Zunilda alisema polepole. "Na neno kinubi linafika mwisho kabisa. Inataka tuikate."

"Tukate wapi?"

"Labda... pale kwa majeneza."

"Mkate baba mkwe wangu?"

"Au pale kwa kulalamika."

"Zunilda." Ña Eustacia alikiweka kisu chini. "Alipokufa baba yako nilivifunika vinubi vyote kwa shuka siku tisa, nyuzi zimelegezwa, redio imezimwa, nusu ya mlango imefungwa, kama mama yangu alivyofanya na mama yake. Siku ya tisa nikavifunua kimoja kimoja kwa mkono huu. Sikukosea kitu. Sasa aje huyu mwenye uso mwekundu, ambaye hata hakuja kwenye sala, anikatie maneno ya maiti wangu?"

"Mama, tusipouza, Virgilio anaosha magari humu."

"Na aoshe. Lakini sentensi haikatwi."

Zunilda aliifunga kompyuta. Alikwenda nyuma ya karakana, akasimama pale pa kukaushia mbao, akalia kidogo kwa haraka, kama mtu anayeiba, kisha akarudi kumenya mihogo upande wa pili wa beseni.

Alhamisi iliyofuata alimpelekea mwalimu Graciela kesi hiyo. Mwalimu aliisoma sentensi kwa miwani ya puani, akairudia kwa miwani ya kichwani, akacheka mpaka akaifuta yote miwili.

"Usiikate. Ishushe. Juu weka maneno mawili matatu mafupi ya kumridhisha huyu mnunaji, kisha chini ya picha ya marehemu weka sentensi yake nzima, na watu waisome wakiwa wameshaingia. Nyumbani kwako mgeni anaanza na nini? Mlango. Baba mwenye nyumba anakuwa ndani, amekaa."

Ña Eustacia alipoambiwa hivyo alifikiri sana. "Amekaa," alisema. "Sawa. Akae."

Kufikia katikati ya Septemba nyuso zote zilikuwa za kijani. Zilicheka kwenye ukurasa wa kwanza, zilicheka kwenye bei, zilicheka hata kwenye ukurasa wa namna ya kubadilisha uzi uliokatika, ambao Zunilda aliuandika mwenyewe, na ambao, historia itamke wazi, ni mzuri. Aliandika vile alivyofundishwa na baba yake: usivute kwa hasira.

Na barua haikuja hata moja.

*

"Hebu," Virgilio alisema Ijumaa moja, simu mkononi, mdomo umejaa chipa, mkate wa jibini. "Natafuta mimi. Kinubi cha Paraguay." Alitelezesha kidole. "Ukurasa wa kwanza hamna. Wa tano hamna. Wa kumi, huku wanauza kamba za kuanikia nguo."

"Inachukua muda," Zunilda alisema.

"Sawa. Naandika jina lenyewe. Vinubi vya Cirilo Benegas, Luque." Alitelezesha. Kicheko kilimtoka, kisha kikakatika njiani. Alitelezesha tena, polepole. "Zuni. Hapa kuna tangazo la kifo chake kwenye gazeti. Kuna picha yake kwenye maandamano ya Bikira mwaka ule wa mvua. Tovuti haipo. Ni kama... ni kama hakuwahi kutengeneza kitu."

Aliiweka simu mfukoni. Alikuwa amekuja na tepu, lakini siku ile hakupima.

Zunilda aliona aibu iliyomzidi ile ya meneja wa viatu vyeupe. Aliona ni yeye. Mikono ya baba yake ilijulikana duniani na mikono yake haijulikani hata na mtambo. Alijiambia kwamba mtambo una sikio kama la mzee: umegonga ubao, umesikia haulii.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwalimu Graciela alikuja mwenyewe nyumbani, kwa sababu suala hili lilikuwa limemkosesha raha. Nimia naye alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya mwezi, akisaidia kazi kwa bidii isiyo ya kawaida. Tangu asubuhi alikuwa ameshafagia ua mara tatu.

"Nionyeshe bango lolote jekundu uliloliona," mwalimu alisema.

"Niliyafunga yote, mwalimu. Ulivyosema."

"Yote? Hata lisilotaja bei?"

Zunilda alimsogezea kompyuta. Mwalimu Graciela alishusha miwani ya kichwani, akaingia kwenye mipangilio, akafungua ukurasa ambao Zunilda hakuwahi kujua kuwa upo, akashuka mpaka chini. Pale palikuwa na kisanduku kimoja kidogo chenye tiki, na kando yake maneno: *Iombe mitambo ya kutafuta isiitembelee tovuti hii.*

Ufagio wa Nimia ulisimama uani.

"Basi nyuso zilikuwa zinacheka ndani ya nyumba iliyofungwa," mwalimu Graciela alisema taratibu. "Kazi yako ni nzuri, Zunilda. Haina kasoro. Ila mtambo ulikuwa unafika mlangoni, unasoma 'usiingie', unaondoka. Nani ana neno la siri la hapa?"

"Baba alikuwa nalo," Zunilda alisema. "Mimi. Na..."

Vichwa vitatu vikageuka kuelekea uani. Nimia, yule wa nidhamu ya kupigiwa mfano, aligundua ghafla kuwa kuna jani chini ya benchi, akainama kulifuata.

"Mwacheni mtoto," ña Eustacia alisema. Alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Mimi ndiye niliyemwagiza. Siku ile tulipomtoa Cirilo. Nilisema funikeni kila kitu, zimeni redio, fungeni nusu ya mlango. Nikamwambia Nimia, na kule kwenye kompyuta pia pafungwe, maana kule nako ni nyumba yake, watu wasije wakibisha wakitaka bei wakati tunalia. Akaniletea, akanionyesha: Bibi, nimefunga. Nikambusu." Akakaa. "Siku ya tisa nilifunua vinubi. Mtoto alikuwa amesharudi shuleni. Kule hakuna aliyefunua."

Zunilda aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Miezi sita na nusu ya matanga. Hakujua kama anacheka au analia, na mwalimu Graciela, ambaye kwa miaka thelathini ya posta alikuwa ameona watu wengi wakifungua barua, alitazama pembeni kwa adabu, kisha akanyoosha mkono kwenye kipanya.

"Toa mkono," ña Eustacia alimwambia. "Hiyo si kazi yako."

Aliufuta mkono kwenye aproni. Akakaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza maishani. "Kiko wapi?"

"Hapo, ña Eustacia. Hicho kisanduku."

"Hiki? Kidogo hivi?" Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema yaleyale aliyoyasema siku ya tisa mbele ya kila kinubi, shuka likiwa mkononi: "Cirilo, tumeshalia. Sasa tunafungua."

Akabofya. Hakuna kilichotokea.

"Bado kuhifadhi, ña Eustacia," mwalimu alinong'ona. "Kile kitufe cha chini."

"Cirilo, ngoja kidogo," ña Eustacia alisema, akabofya tena.

*

Siku nne hapakuwa na kitu. Siku ya tano Virgilio, ambaye alikuwa akitafuta mara kumi kwa siku na kukana, alipiga simu kutoka dukani akipiga kelele kwamba wako ukurasa wa tisa. Siku ya saba wa nne. Siku ya nane wakaingia wa pili, chini ya mapazia, wakakaa hapo.

Na tarehe sita Oktoba, mchana, mkesha wa sikukuu, wakati mji mzima unapiga deki na kutundika vitambaa vya buluu, barua iliingia. Zunilda aliisoma akiwa amesimama, na ilibidi airudie kwa sauti kwa ajili ya mama yake:

*Mimi ni mwalimu wa muziki, niko Posadas, ng'ambo ya mto. Kinubi changu kilitoka mikononi mwa don Cirilo. Tangu Aprili nawatafuta na hamtokei, nikadhani mmefunga, nikasikitika sana. Leo nimeona ukurasa, sikuwa na uhakika kama ni nyinyi, kwa sababu mwanzo ni mpya. Halafu chini nikaikuta ile sentensi ndefu, nikacheka peke yangu. Nahitaji vitatu, viwili vidogo vya watoto. Nani anavitengeneza sasa?*

"Ile sentensi," ña Eustacia alisema, akaangalia ukuta.

Zunilda aliosha mikono kabla ya kujibu, kana kwamba barua ingeshika vumbi la mbao. Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwishowe akatuma neno moja na jina lake: *Mimi. Zunilda Benegas.* Ilikuwa fupi mno kwa viwango vya ukoo, lakini ile jalizi ingecheka.

Jioni malipo ya nusu yalikuwa yameingia. Virgilio alikuja na shati la sikukuu, akaisoma barua mara mbili, akatoa tepu mfukoni. Zunilda alikaza uso. Lakini kaka yake aliiweka ile tepu kwenye droo ya zana, katikati ya patasi za baba yao, akaisukuma droo kwa goti.

"Utaihitaji," alisema. "Vya watoto si vina vipimo vingine? Na kama mbao zinaletwa kutoka mbali, nina gari. Kuosha sioshi tena, lakini nina gari."

*

Hapa ndipo historia rasmi ilipotakiwa kumalizika, kwa heshima na kwa parapanda nyingine. Kwa bahati mbaya, mwandishi aliiacha mezani akaenda kunywa maji, na aliporudi alimkuta Zunilda ameketi na karatasi zote, msasa bado mkononi.

"Huyu Nimia ni nani?" aliuliza.

"Ni mhusika," nikasema.

"Mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano."

"Mama, historia rasmi huwa..."

"Nyamaza. Hapa." Aliweka kidole. "Julai. 'Ikikuta kosa, inaliandika kwa rangi nyekundu juu kabisa.' Nakumbuka ulivyolisema. Ulilisema mara tatu. Msichana wa mbuzi na mchicha alijuaje kuna kosa, na kwamba litakaa juu kabisa?"

Nilitafuta jani chini ya benchi. Halikuwepo.

Basi nakiri, na safari hii hakuna mhusika wa kumbebesha. Nilikikumbuka kile kisanduku mwezi Juni, katika somo la nyuki. Mwalimu alisema mzinga ukitiwa dawa unazibwa mlango, na mjinga ni yule anayesahau kuuzibua. Darasa zima lilicheka na mimi nikawa baridi toka kichwani mpaka kwenye buti. Nilikuwa na simu dakika kumi kila Jumapili. Nilizungumzia mbuzi. Kila Jumapili mama alisema hakuna barua, na kila Jumapili ilikuwa ngumu zaidi kuliko iliyopita, mpaka nikatafuta mtambo utakaosema badala yangu. Kukifungua kimyakimya niliogopa, maana barua zikirudi ghafla wangeuliza zilikuwa wapi. Mtambo ulisema, siku ya kwanza kabisa, kwa rangi nyekundu. Mama akaufunga mdomo kwa sababu mwalimu alimwambia. Na nilipokuja Septemba, nilifagia ua mara tatu.

Mama aliukung'uta msasa vumbi. Nilitamani apige kelele.

"Miezi mitatu nilifikiri ni mikono yangu," alisema.

Nilitafuta kichekesho, sikukipata.

Akanipa msasa, akavuta ubavu wa kinubi kidogo cha kwanza cha Posadas, akaulaza mapajani mwangu. "Kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao, usivute kwa hasira. Mpaka uwe laini. Na hiyo ya nyuki," akasema, akizirudisha karatasi mbele yangu, "iandike pia."

Nimeiandika. Vidole vinaniuma, na ubavu bado haujawa laini.